Boksi Namba Moja

Niliondoka Lindi na mfuko mmoja wa plastiki, nikarudi na fuso lililojaa vyombo. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa aina gani: mtoto wa mkulima wa Rutamba aliyejisomesha mwenyewe, jioni baada ya kazi, akapata diploma ya ugavi, kisha akajenga nyumba ya vyumba vinne Lindi mjini bila kumwomba mtu hata mfuko wa saruji.

Rangi ya mwisho ilipokauka, mama yangu, ambaye alikuwa akiishi Rutamba kwa dada yangu, alituma salamu kwamba siku nitakayohamia atakuja kuiona nyumba. Kuiona. Hakusema kukaa. Neno hilo lilininyima raha, maana nyumba ile niliijenga kwa ajili yake, na chumba chake ndicho chenye dirisha la upande wa upepo.

Huko Dar, nilikofanya kazi miaka yote hiyo, nilizungumza na kampuni tatu za kuhamisha vyombo. Ya kwanza ilitegemea kamba na Mungu. Ya pili haikuja hata kuutazama mzigo. Ya tatu ilimtuma msimamizi, dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu, akapita chumba kwa chumba akiandika, akafungua makabati, akauliza mlango wa huko ninakokwenda una upana gani. Nikaipa kazi palepale. Ndivyo ambavyo ningefanya mimi.

Wapakiaji wake watatu walivisha friji mablanketi na kufunga sahani mojamoja kwa magazeti. Mimi nilishika kalamu nene nikawa naandika namba kwenye maboksi kwa kufuata umuhimu wake. Ndani ya namba moja niliweka msahafu wa marehemu baba, chetezo na pakiti ya chumvi. Kwetu, vitu hivyo ndivyo hutangulia kuingia katika nyumba mpya, kabla hata ya mkeka.

"Hizi namba zifuatwe, kaka?" msimamizi aliuliza.

"Zifuatwe."

"Tunapakia kuanzia moja?"

"Dada, hesabu yoyote huanzia moja. Mimi nina diploma ya mambo haya."

Akanitazama kidogo, akawageukia watu wake. "Mmesikia. Mwenye mzigo ana diploma."

Tuliondoka alfajiri. Nilikaa mbele kwa dereva, msimamizi na wapakiaji wakiwa kiti cha nyuma, na kila tulipopita mahali ninapopajua nilimweleza: Somanga, Nangurukuru, njia ya kwenda Kilwa. Dereva alisema anapita barabara hii kila wiki. Nikaendelea kumweleza. Furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni.

Mchana tulisimama mbele ya nyumba yangu. Mama alikuwa ameketi barazani na kanga zake mpya, majirani wakiwa wamejaa pembeni. Nilishuka, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akainuka, akasimama katikati ya mlango.

"Msahafu wa baba yako uko wapi?"

"Umo garini, mama. Nimeuwekea boksi namba moja."

"Basi uingie kwanza."

Msimamizi alikwishafungua mlango wa nyuma wa gari. Mbele yetu kulikuwa na namba arobaini na mbili. Nyuma yake vitanda, nyuma ya vitanda friji, na huko mwisho kabisa, umegusa ukuta wa gari, ndipo ulipokuwa umuhimu wangu wote.

"Jirani hakosi msahafu," mmoja wa wapakiaji alisema. "Tuazime, tuingize makochi."

"Mimi sikumuuliza jirani," mama alisema. "Niliyempa msahafu ni huyu, siku anaondoka. Miaka yote hii sijauona. Kama umepotea huko mjini aseme, mimi nirudi Rutamba mapema."

Hapo nikaelewa. Mama hakuja kukagua nyumba. Alikuja kuona kama yule aliyeondoka na mfuko wa plastiki ndiye huyu aliyerudi. Na upande wa Rondo wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi.

"Teremsheni vyote," nilisema. "Barabarani."

Nikavua shati nikabeba mwenyewe. Majirani nao wakaingia kazini, na vitu vyangu vikapangwa mchangani, mtaa mzima ukiviona: makochi ya ngozi, televisheni, mashine ya kufulia. Sitasema kwamba niliona aibu. Kila kilichoshuka nilikitaja kwa sauti.

"Baba, na kile ni nini?" bibi mmoja jirani aliuliza.

"Kiti cha ofisini, bibi. Kinazunguka."

"Kinazunguka kwenda wapi, na mvua hii inakuja?"

Watu wakacheka. Tulikuwa tumeshuka hadi namba tano matone yalipoanza. Msimamizi akatandaza turubai juu ya makochi, akarudi ndani ya gari kwa kuinama, na alipotoka alikuwa amekumbatia boksi. Hakunipa mimi, alimpelekea mama.

Mama akalifungua kwa kucha. Akatoa msahafu, ukiwa bado katika kitambaa kilekile cha kijani alichokishona yeye. Akakigusa pindo, akaunusa. Kisha akasema bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia. Mimi nikamfuata na chumvi na chetezo, maji yakinichuruzika mgongoni.

Vyombo viliingia mbiombio, na havikulowa ila kile kiti kinachozunguka. Ubani ulipokuwa ukifuka, mama alitoka kwenye chumba chenye dirisha la upepo akamwita msimamizi.

"Mwanangu, gari lako linarudi tupu?"

"Tupu, mama."

"Basi pitia Rutamba kwanza. Kuna kitanda changu, sanduku na kinu, uvilete hapa. Huyu atakulipa." Akanitazama. "Ila safari hii, namba asiandike."