Yaya na Mchezo wa Kuruka

Leo nimeifungua kompyuta ya ofisini ili niisafishe, na harufu ya vumbi lililopata moto ikanirudisha kwenye fleti yetu ya Berea, ugenini tulikoishi nikiwa mtoto.

Mama alikuwa ametukataza kwenda kwenye mashine ya mchezo, pale dukani kwenye kona. Basi yaya, dada yangu mkubwa, akaanza kuuandika mchezo ule upya kwenye kompyuta kuukuu tuliyopewa kanisani. Mtu wa mchezo akawa kisanduku cheupe, na ngazi zikawa mistari. Kila akiruka, alitumbukia kwenye pengo. Mimi sikuweza kutulia; nilizunguka kiti cha yaya huku nikitafuna kola ya gauni langu.

Jioni moja kisanduku kikaruka, kikatua ng'ambo. Tulipiga kelele. Yaya akaunganisha haraka redio ya kaseti ya Papa, baba yetu, ili auhifadhi mchezo kwenye kaseti, maana kompyuta ile ikipata moto sana ilijizima na kusahau kila kitu.

Papa akaingia bila kuvua viatu.

"Leteni redio. Wanasema vita imefika kwetu."

"Papa, ngoja kidogo, iko karibu kumaliza," nikasema.

"Bibi yenu iko kule."

Yaya akachomoa waya mwenyewe, akampa redio. Mtangazaji aliutaja mji wetu, akasema barabara zimefungwa, kisha akaendelea na habari nyingine. Nyuma yetu kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Papa akakitazama.

"Kulikuwa na nini pale?"

"Mtu alikuwa anaruka," yaya akajibu.

Papa akavuta kiti, redio ikiwa mapajani.

"Anza tena. Mimi niko hapa."