Manjano Ndani ya Giaboksi

Jina la Mama Otomatiki alibandikwa na mafundi wenzake kwa kumdhihaki, kwa sababu katika safu ile ya gereji tisa yeye peke yake ndiye mwanamke, na yeye peke yake ndiye aliyeng'ang'ania giaboksi za otomatiki ambazo wenzake walikuwa wakizikimbia. Hakununa. Alichukua rangi nyekundu akaliandika jina hilo getini kwa herufi kubwa, na tangu siku hiyo wenzake ndio walionuna.

Alikuwa fundi hasa, na alijua kwamba ni fundi hasa, na hapo ndipo matatizo yake yote yalipoanzia. Mteja akija na gari linalorukaruka, kabla hajafungua boneti alikuwa ameshamfungua mwenye gari. Alimuuliza ni nani aliyemdanganya, alisoma mpaka darasa la ngapi, na kama nyumbani kwake nako sufuria ikivuja anaongeza maji tu na kwenda kulala. Watu walivumilia kwa kuwa gari lilitoka pale likitembea. Hakuna aliyerudi kumsalimia.

Dharau hiyo kwa wateja ilikuwa mazoezi tu. Dharau yenyewe aliiweka akiba kwa ajili ya kaka yake mkubwa. Huyo alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, bwana wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola, ambaye kwa miaka ishirini aliwaambia wageni wake kwamba dada yake anauza vipuri, maana kusema kwamba anatambaa chini ya magari kulimtia kichefuchefu. Gari lake alilifuta vumbi kwa kitambaa laini kila asubuhi. Chini ya boneti hakujua kuna nini, wala hakuona haya kutojua.

Siku moja kaka huyo alilileta gari. Ukikanyaga mafuta, injini ilinguruma weee, gari likafikiri kwanza, kisha likaondoka kwa kishindo. Alisema amepata mnunuzi, muuguzi wa zahanati ya pembezoni mwa mji, anayezunguka kuwaona wajawazito majumbani mwao, na atalichukua Jumamosi. Basi dada abadilishe mafuta ya giaboksi, mambo yaishe. Mama Otomatiki akamuuliza kama maji ya rejeta yanapungua. Kaka akaapa kwamba hata tone halipungui.

Akalipandisha gari kwenye jeki, akaifungua sampu, ile trei ya chini ya giaboksi. Mafuta mazuri ya giaboksi ni mekundu na mepesi. Kilichoshuka pale ulikuwa uji mzito wa rangi ya chungwa, wenye povu juu. Alichovya kidole, akanusa, akanusa tena. Giaboksi ilinukia kama jikoni.

"Kaka," akasema, "manjano yamefikaje humu?"

Ikabidi kaka aseme. Maji yalikuwa yakipungua tangu miezi mitatu nyuma, na kinyozi wake, bingwa wa magari ambaye hana hata baiskeli, alimwambia kwamba unga wa manjano huziba tundu la rejeta. Alitia vijiko viwili. Maji yakazidi kupungua, akatia vingine viwili na yai bichi juu yake. Chini ya gari hakukuwa na unyevu wowote, kwa hiyo aliamini dawa imeshika.

Dawa ilikuwa imepita. Mafuta ya giaboksi huzunguka ndani ya rejeta ili yapoe, na kinachoyatenga na maji ni ukuta mwembamba wa bati. Ukuta huo ulikuwa umeoza. Maji, manjano na yai vilikuwa vikiingia kwenye giaboksi siku baada ya siku, na mwenye mali akiongeza mengine kila asubuhi kwa uaminifu mkubwa.

Mama Otomatiki alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kisha akaibeba sampu ile, akapita nayo gereji moja hadi nyingine, akiwanusisha mafundi wote wanane huku kaka yake amesimama kando na shati lake. Alipotosheka aliimwaga mtaroni. Ndipo akamwambia kwamba kubadilisha mafuta hakusaidii kitu. Sahani za klachi zilizomo ndani zimegandishwa kwa gundi, gundi hiyo imeshalewa maji, na zitabanduka tu. Giaboksi lazima ifunguliwe.

Kaka alilivuta gari kwa kamba mpaka kituo cha mafuta, kwa jamaa mmoja ambaye hakuwa na maneno mengi. Jamaa akafunga rejeta nyingine, akaisafisha giaboksi kwa mafuta mapya mara tatu, na gari likatembea kama limetoka dukani.

Ijumaa mchana muuguzi alifika getini kwa Mama Otomatiki, mkoba begani. Alisema kwa adabu kwamba amesikia mwenye gari ni kaka yake Mama Otomatiki, na kwamba dada mtu ni fundi. Kule anakokwenda hakuna usafiri mwingine, na mama mwenye uchungu hasubiri. Je, Mama Otomatiki mwenyewe angelinunua gari lile?

Jibu lilihitaji sentensi tatu tu. Mama Otomatiki alifungua mdomo, akatoka kaka. Alisema kaka huyo ni mwongo tangu akiwa na meno ya utotoni, alivunja sahani ya mama yao akamwacha yeye achapwe. Alisema ni bahili, ni mjivuni, anawaonea haya ndugu zake, na mtu kama huyo hata salamu yake usiipokee bila kuigeuza uone chini kuna nini. Alisema kwa robo saa, na alisema vizuri, maana maneno hayo alikuwa ameyapanga kwa miaka.

Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho. "Kaka yako aliniambia utasema hivyohivyo," akasema, akashukuru, akaondoka. Jumamosi alilinunua gari. Mama Otomatiki aliwaambia majirani kwamba wapumbavu hawamaliziki duniani.

Siku ya kumi na tisa muuguzi alirudi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Gari lilimfia kwenye mwinuko, injini ikinguruma na magurudumu yametulia tuli, na kwenye kiti cha nyuma mjamzito akiwa katika uchungu. Pikapu iliyokuwa ikipita iliwachukua, na mtoto alizaliwa humohumo, juu ya magunia. Wote wawili wazima. Kaka hapokei simu.

"Nilikuambia," akaanza Mama Otomatiki.

"Hukuniambia, dada. Siku ile ulinieleza habari za kaka yako. Habari za gari hukunieleza hata neno moja."

Mama Otomatiki alirudi nyuma kimawazo mpaka Ijumaa ile, akaipekua robo saa nzima neno kwa neno. Hakukuwa na maji ndani yake, wala mafuta, wala sahani za klachi. Alikuwa na uwezo wa kumwokoa mwanamke huyu, na aliutumia kujiburudisha. Aibu ilimshika, aibu hasa, mbele ya mafundi wanane waliokuwa wameacha kazi kusikiliza.

Akauliza gari liko wapi.