Karatasi Tupu ya Mzee Hema

Siku niliyomsomea sifuri mtu mzima niliyekuwa nimemwamkia shikamoo asubuhi ileile, mwanangu, ndiyo ninayoikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu. Kaa hapa karibu, babu yako nikusimulie.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa kazi ya elimu ya watu wazima pale Ikungi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na sisi wasomi tuliambiwa twende tukawafundishe wakulima kusoma na kuandika. Nilikwenda na sanduku la vitabu na wasiwasi mwingi. Nilikuwa mtu wa kufikiri jambo moja mara kumi. Nikishafunga bahasha, naifungua tena nione kama barua nimeitia tarehe. Hata leo nikifunga mlango narudi kuusukuma, na bibi yenu hunicheka.

Pale Ikungi alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Sima, aliyejifunza karate Dar es Salaam kwa mgeni mmoja aliyefundishwa na wazee wa Okinawa, kisiwa cha kule Japani. Kila Jumamosi asubuhi tulisogeza madawati ukutani, akatufundisha watu wazima tisa. Nguo zetu za mazoezi zilishonwa kwa kitambaa cha marekani. Nje alisimika nguzo iliyozungushiwa kamba ya katani, ya kupigia ngumi. Pembeni yake kulikuwa na mitungi miwili ya mchanga, ambayo tuliikamata kwenye midomo yake kwa ncha za vidole tukatembea nayo mpaka mikono itetemeke.

Mafunzo yalikwenda kwa ngazi. Kwanza ulijifunza kusimama, kisha kutembea, kisha kupumua. Ngumi na mateke vilikuja baadaye. Halafu mwaka mzima uliishia katika Sanchin, mfuatano wa hatua chache unaofanywa polepole, mwili umekazwa, pumzi inasikika. Siku ya kupimwa unaifanya Sanchin kifua wazi, Mwalimu anakuzunguka akikupiga mabega, mgongo na mapaja kwa viganja. Ukitikisika, anaona. Ukibana pumzi kwa woga, anasikia. Hakukuwa na alama. Mwisho alisema nani aache mkanda mweupe avae wa kijani, na nani asubiri. Wala hakuna aliyeruhusiwa kuuliza zamu yake itafika lini.

Hilo la kutouliza ndilo lililonisumbua. Je, Mwalimu akinisahau? Je, kiganja chake kikiwa kizito kwangu na chepesi kwa mwingine?

Basi Mwalimu akaitwa semina Singida mjini, ya wiki mbili. Akaniachia kazi niandike mafunzo yote hatua kwa hatua, kisha akirudi atatupima. Niliandika vizuri, nisijinyime sifa. Lakini sikuishia hapo. Nikaona haki zaidi ni kutunga mtihani wa maswali ishirini, kila mmoja aandike majina ya mapigo na kazi ya kila pigo, na Jumamosi ya kwanza nikawagawia wenzangu karatasi. Nilijiambia namsaidia Mwalimu. Ukweli ni kwamba maswali yale niliyaweza mimi kuliko wote.

Kati yetu alikuwamo Mzee Hema, mwenye umri kama wa baba yangu. Alikuwa mfugaji wa kijiji cha Issuna, na kila Jumamosi alitoka kwake alfajiri kwa baiskeli. Hakujua kusoma. Nilijua hilo, mwanangu. Kazi yangu ilikuwa kulijua. Alinirudishia karatasi yake tupu, ameinyoosha vizuri isiwe na mkunjo. Nami, kwa kuogopa nisionekane nampendelea, nikayasoma matokeo yote kwa sauti, na nilipofika kwake nikasema, "Mzee Hema, sifuri."

Hakuna aliyecheka. Alikunja nguo yake ya mazoezi, akaiweka juu ya dawati langu taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akachukua baiskeli yake. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Mwalimu aliporudi nilimpa daftari. Akalisoma lote, akalisifu, kisha akauliza Hema yuko wapi. Nikamweleza, nikaongeza sababu zangu, na nilikuwa nazo nyingi. Alinisikiliza mpaka zikaisha.

"Asubuhi ile ulimwamkia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukampa shikamoo, halafu ukamnyang'anya mbele ya watu. Nenda Issuna. Mpime kama tunavyopimana hapa, kisha na yeye akupime."

Njia nzima nilitunga maneno ya kuomba radhi, nikayafuta, nikatunga mengine. Nilimkuta kwenye zizi, ng'ombe wamekwisha kwenda malishoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na karatasi nyingine?"

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama pembeni, akaangua kicheko. Maneno yangu yote yakapotea. Nikasema tu kwamba nimemkosea, anisamehe, na kwamba Mwalimu amenituma nimpime.

Alivua shati, akasimama katikati ya zizi tupu, akaanza Sanchin. Pumzi yake ilikuwa ndefu, haina haraka. Nikampiga mabega, mgongo, mapaja. Ilikuwa kama kupiga majabali yetu ya Singida. Nikamuuliza anafanyia wapi mazoezi. Akasema kila siku, nyuma ya ng'ombe.

"Haya, sasa wewe."

Nikaanza. Bega langu hakulipiga, aliligusa tu, nami nikayumba.

"Unawaza nini?"

"Nawaza kama nimekosea."

"Umekosea," akasema. "Sasa pumua."

Jumamosi Mwalimu akatupima. Mzee Hema akapata mkanda wa kijani, kitambaa alichokitia rangi mke wa Mwalimu kwenye sufuria yake. Mimi nikabaki na mweupe, na nikaitwa mbele nimfunge mzee mkanda wake. Fundo likafunguka mara mbili.

"Taratibu," akaninong'oneza. "Leo sina haraka ya kurudi Issuna."

Kumbe alikuwa na sababu. Wenzetu walipoondoka, alikaa dawati la mbele akaniomba kalamu. Vidole vile vilivyobeba mitungi ya mchanga bila shida vikaishika kwa hofu, herufi ya kwanza ya jina lake ikalala upande. Nilitaka kumsahihisha upesi. Nikamtazama usoni, nikajizuia.

"Pumua, mzee," nikamwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, siku utakapopewa kazi ya kupima watu, pima kile walichokuja kujifunza, usipime kile unachokijua wewe. Usimvunjie mtu mzima heshima mbele ya wenzake ili wewe uonekane mwenye haki. Na ukimkosea mtu, usikae ukiligeuzageuza kosa lako. Nenda kwake, hata kama maneno hujayapata. Mkanda wangu wa kijani niliupata mwaka uliofuata, na sikuwa nimeuliza.

Mungu akupe mabega ya kuhimili viganja vya watu, na kiganja chepesi kwa mabega ya wenzako. Akutulizie moyo pale unapokwenda mbio, na pumzi yako ikufikishe salama, mwanangu.