Mchumba wa Fausta na Kompyuta Iliyoganda

Wapo watakaosoma hapa wakasema malaria ilikuwa imenipanda kichwani. Sikuwa na malaria. Nilikuwa mzima, nimeshakula ugali wangu wa mchana, duka liko wazi na watu wanapita barabarani. Ninayoyaeleza niliyaona hapa hapa Kasulu kwa macho haya, na hadi leo nikiyakumbuka mdomo unanijaa mate, yale mate yanayotangulia matapishi.

Mimi ni mkubwa kwa wadogo zangu watatu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, maana ilibidi awepo mtu wa kulima na kupika, na mtu huyo hakuwa mwingine. Baadaye nikapata kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi, na mwenye duka alipohama akaniachia niliendeshe. Kompyuta sikuisomea. Yeye ndiye aliyenifundisha, na jambo alilonikazania kuliko yote ni hili: mashine ikigoma kuwaka, usibahatishe. Chomoa kila kitu, iwashe ikiwa tupu, halafu rudisha kimoja kimoja. Ukirudisha kitu ikagoma, hicho ndicho chenye ubaya, hata kama ni kipya, hata kama ni kizuri.

Sasa sikilizeni. Anayenifuata mimi ni Fausta. Fausta alipata mchumba, mwanaume anayejiita Gervasi, aliyesema kwao ni Kitanga na kwamba ananunua maharage vijijini na kuyauza upande wa Nyarugusu. Shati limenyooshwa, viatu havina tope hata masika. Kwetu mtu haji kujiposea mwenyewe. Huja wazee wake, au hutuma mshenga. Huyu alikuja peke yake dukani na kuniambia, "Shemeji, mimi sina wazee wa kuwatuma. Ni yatima kama ninyi."

Wewe ungemfukuza? Neno hilo lilituingia. Fausta alilia. Na mimi, ambaye ndiye baba na mama wa nyumba ile, nikamkaribisha kwenye benchi, nikamwambia ajisikie nyumbani.

Tukasalimiana. Salamu ya kwetu si ya kugusana vidole na kuachiana. Mkono unaushika mpaka umeulizia watu wa nyumbani, shamba na mvua. Niaminini, niliuona urefu wa salamu ile. Kiganja chake kilikuwa laini kupita kiasi, kimelowa, kama nyama iliyolala kwenye mfuko wa plastiki. Alipoachia, kitu kikavutika kati ya vidole vyetu kama mlenda. Nilijifanya sikuona. Nikaenda uani nikanawa kwa sabuni ya kufulia, nikanawa tena. Harufu ikabaki. Nilipomuuliza Fausta kama huwa haisikii, akacheka: "Dada, ni marashi. Wewe umezoea harufu ya wino."

Siku hiyo hiyo umeme ulikatika ukarudi, nikawasha kompyuta. Ikafika pale kwenye vile vidoti vinavyozunguka kabla ya kufunguka, ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaganda pale pale. Wateja wakanuna wakaondoka. Gervasi alipoaga jioni, nikaijaribu kwa kukata tamaa tu, ikafunguka vizuri kabisa. Nikasema umeme wa hapa ndivyo ulivyo. Akaja tena baadaye, ikaganda tena. Nikasema ni joto. Mtu akishaamua kutoona, sababu hazimwishii.

Halafu ikafika siku aliyokuja kuchukua jibu. Fausta alikuwa nyumbani anapika, nikifunga duka nimpeleke akale, na nikishasema ndiyo mbele ya chakula kile, mdogo wangu anakuwa wa huyu mtu. Nilikuwa nimeamua kusema ndiyo. Nilikuwa na mkataba wa mtu wa kuuchapa kwanza, basi. Mvua ikaanza, ile mvua yetu ya milimani inayofanya mchana kuwa kama magharibi, umeme ukakatika na kurudi, nikawasha mashine. Ikaganda.

Hamisi, fundi simu wa kibanda cha pili, alikuwa amejibanza kwangu kukwepa mvua. Mtu wa maneno mengi. Akasema, "Dada, mashine imeona shemeji ikaona haya."

Gervasi akatabasamu bila kufungua mdomo.

Nikaanza kazi kama nilivyofundishwa. Nikachomoa flashi, printa, kibodi na mausi. Ikaganda. Nikaibadilishia soketi. Ikaganda. Nikarudisha kibodi, nikajaribu kuiwasha kwa ile hali ya dharura inayopakia vitu vichache tu. Ikaganda pale pale.

"Diski imekufa hiyo," alisema Hamisi. "Piga windo upya, programu zote zianze mwanzo."

"Diski iliyokufa inafufuka vipi kila jioni?"

"Basi iombee."

Nikafungua boksi lenyewe ili nichomoe memori, nisugue meno yake kwa ufutio wa penseli, maana wakati mwingine ni vumbi tu. Mfuniko ulipotoka, harufu ikatupiga usoni. Ndani, chini karibu na feni, panya alikuwa ametengeneza kiota kwa karatasi zangu na nywele za watu, na ndani ya kiota kulikuwa na vitoto vyake, vyekundu, havina manyoya wala macho, vimerundikana kama vidole vilivyokatwa, vinajinyonganyonga kwenye mkojo. Hamisi akasema, "Astaghfirullah," akaziba mdomo, akakimbilia kibandani kwake. Alipiga kelele kutoka huko kwamba ananitafutia memori nyingine, lakini nilimsikia anavyokohoa.

Mimi nikaenda uani kuchukua kizoleo na kitambaa. Sikukawia.

Niliporudi, Gervasi hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi lililo wazi, mgongo kwangu, mashavu yanakwenda polepole, kama mtu anayekula kitu anachokipenda na hataki kiishe. Kiota kilikuwa kitupu. Alipogeuka, kwenye kona ya mdomo kulikuwa na kikia, chembamba, kinapiga piga kidevu. Akakivuta ndani kwa midomo kama mtoto anavyovuta tambi. Halafu, mbele yangu, akaingiza uso kwenye boksi na kuanza kulamba. Alilamba kiota, akalamba vumbi kwenye feni, akalamba ule mkojo wenyewe. Ulimi ulikuwa wa kijivu na haukuwa na mwisho wa karibu.

"Shemeji," nilisema, "unafanya nini?"

"Nakusaidia kusafisha. Usione haya, tumeshakuwa ndugu."

Mnajua nilichofikiri? Sikufikiri kukimbia. Nilifikiri Fausta yuko jikoni, anachagua kipande kizuri cha nyama kwa ajili ya mdomo ule. Na nikafikiri kazi yangu. Nilikuwa nimechomoa kila kitu, lakini nilikuwa nimeacha kitu kimoja pale pale kwenye benchi, kwa sababu mgeni hatolewi nje, tena mkwe, tena kwenye mvua. Heshima ndiyo iliyonifanya nisikihesabu.

Nikamwambia, "Toka nje."

"Unamfukuza mkwe wako kwenye mvua?"

"Sikufukuzi. Nataka kujaribu kitu. Simama pale ng'ambo ya mtaro."

Akanitazama bila kupepesa. Kisha akatoka. Mvua ilimpiga lakini haikumlowesha. Iliteleza juu yake ikiwa matonematone yenye mafuta, kama maji kwenye sufuria ya supu iliyolala. Nikachomoa memori, nikaisugua na kuirudisha, nikabonyeza. Vidoti vikazunguka, vikapita, kompyuta ikafunguka.

Lakini kazi haijaisha mpaka urudishe. Nikaizima, nikamwita: "Ingia." Akaingia. Nikawasha. Vidoti vikazunguka kidogo, vikaganda.

"Ni wewe," nilisema.

"Nipe Fausta," alisema, na sauti haikuwa na hasira hata kidogo, "na mashine yako haitaganda tena. Wadogo zako watasoma. Wewe mwenyewe utapumzika. Hujachoka?"

Nilikuwa nimechoka. Sitawadanganya, nilikuwa nimechoka tangu siku ya matanga. Lakini nikamtazama kile kidevu kinachong'aa, nikasema, "Huyo hatoki kwangu kuja kwako. Nenda."

Akainama kwenye kizingiti. Tumbo likamjikunja, koo likavimba, akavitapika vile vitoto vyote hapo mlangoni, kimoja baada ya kingine, kwenye ute mzito wa njano. Vilikuwa vizima. Vilikuwa bado vinajinyonganyonga.

"Chukua vyako," alisema, akashika barabara.

Hamisi alifika na memori yake, nusura akanyage. Aliyaona matapishi, na ni shahidi wangu mpaka leo. Lakini barabara ile imenyooka mpaka stendi, na hakuna mtu aliyemwona akipita.

Fausta hakuniamini. Sufuria ya nyama ilikuwa bado mezani aliponiambia, "Unanionea wivu kwa sababu wewe hukuolewa." Akafungasha, akaenda kwa shangazi yetu Kibondo. Akawa anawapigia simu wadogo zetu, mimi hanipigii.

Kisha siku moja shangazi akanipigia, furaha imemjaa. "Mwanangu, njoo. Fausta amepata mtu, yuko hapa sebuleni. Kijana mtulivu, yatima kama ninyi."

Nikakandamiza simu sikioni. Nikauliza neno moja tu: kuna kitu chochote kimezimika hapo ndani?

"Redio tu," alisema. "Imenyamaza alipokaa. Nadhani ni betri."

"Shangazi, mtoe nje."

"Mgeni?"

"Mtoe. Singizia chochote. Mwambie mbuzi wamefunguka."

Akagoma, nikalia, na sijawahi kumlilia mtu tangu nikiwa kidato cha pili. Hatimaye nikamsikia, kwa sauti ya aibu, akimwomba mtu asogee uani kidogo. Mlango ukalia. Halafu kwenye simu nikaisikia redio ikianza kusoma matangazo ya vifo, ikiwa katikati ya jina la mtu. Na nikamsikia Fausta akipiga yowe, kwa sababu yeye alikuwa amemsindikiza mgeni uani, na kule uani kulikuwa na mvua.

Alichokiona hajanieleza. Alirudi Kasulu kwa basi la kwanza. Tunaishi pamoja na tunaelewana, lakini nyumbani kwetu dagaa hawapikwi tena, maana kile kijimkia na macho vinatushinda wote wawili. Na tukiwa tumekaa, huninyooshea kiganja ghafla: "Dada, ninuse." Alimshika Gervasi mkono miezi ile yote. Nanusa, namwambia hakuna kitu. Mara nyingine ninaposema hivyo nimebana pumzi.

Na wewe unayesoma, huenda una binti au mdogo anayeposwa. Mgeni akikaa kwako na kitu kinachofanya kazi siku zote kikagoma, usiseme ni umeme, usiseme ni betri, wala usione haya. Mtoe nje, hata mvua iwe kubwa namna gani. Akiwa mtu, atalowa kama watu wengine, utamwomba radhi na kumpa chai ya moto. Asipolowa, funga mlango.