Nyasi za Nyirabahire

Ninayoandika hapa hamtayaamini, wala sitawalaumu. Mke wangu hakuyaamini. Paroko alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza siku hizi nakunywa lubisi, pombe ya ndizi, ya nani. Lakini mimi Athanasi nililinda geti la kile kiwanda cha kukobolea kahawa, huku Kibingo, tangu mashine zake zingali na rangi, na hapakupita panya pale nisiyemjua ukoo wake. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha mimi, tusigombane. Macho na masikio nilibaki nayo.

Ninayemwandika ni Niyonsaba. Niko hapa uani kwake, yeye anamenya ndizi, na kila ninachoandika namsomea papo hapo, maana ndilo sharti alilonipa. Mkikutana naye gulioni mtampita. Ni mfupi, kitambaa kimemteremkia karibu na nyusi, na sauti yake ni ya mtu anayeongea ndani ya kanisa. Wazazi wake walitoka Burundi wakaja kulima vibarua Bugomora, naye akazaliwa kwenye jiko la tajiri mmoja wa kule. Kwa hiyo vibarua hakuvianza, alivikuta.

Pale kiwandani alikuwa mchambuaji. Wachambuaji ni wanawake watupu: wanaketi chini bandani, miguu imenyooshwa, kila mmoja na ungo wake, wanatoa punje mbovu na vijiwe. Wanaume wa mashine walikuwa na msemaji wao siku nyingi. Wanawake walihesabiwa pamoja na mifagio. Walipoamua nao wawe na mtu wa kuwasemea, wakamsukuma Niyonsaba mbele.

Nikamtania. "Wewe ukimsemesha meneja, atadhani redio imeishiwa betri."

"Basi itabidi ainame," akasema, akapita.

Kitu cha kwanza alichomwinamisha nacho kilikuwa magunia. Yalipangwa kando ya ukuta, moja juu ya jingine, mpaka yakagusa bati, na wanawake waliketi chini yake kwa sababu ndipo penye mwanga wa dirisha. Niyonsaba alikwenda ofisini kwa meneja Rweyemamu, mtu wa Muleba, mtanashati, mwimbaji wa kwaya, akamwomba ayapunguze. Rweyemamu akasema msimu ukiisha yatashuka. Akarudi tena, akaambiwa vile vile.

Msimu haukuwahi kuisha. Asubuhi moja, jua limeshapanda, nilisikia kishindo kutoka bandani. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama ng'ombe anapojilaza. Nikakimbia, na mimi hukimbia, msicheke. Nilikuta vumbi la makapi limejaa humo ndani na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Niyonsaba alikuwa anavuta gunia peke yake, na chini ya gunia ulitokeza ungo, na ungo ulikuwa bado umeshikwa na mkono. Mkono wa Nyirabahire, jirani yake wa upande wa kulia, aliyecheka naye kutwa.

Tulimzika kibanjani kwake, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kiwanda kilitoa gari, jeneza na mchele. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, kikatoa na msomaji. Rweyemamu akasimama kando ya kaburi, akasoma kwa sauti yake nzuri ya kwaya: marehemu aliugua ghafla akiwa kazini. Mume wa marehemu akatazama chini. Niyonsaba akainua uso, akautazama ule mdomo mpaka ukafumba.

Magunia yalirudishwa pale pale, juu vile vile.

Na hapo ndipo tulipoanza kusikia. Nafasi ya Nyirabahire haikukaliwa na mtu. Lakini wanawake wakinyamaza wakatulia, ungo mmoja uliendelea. Chaa. Chaa. Mchana kweupe, jua dirishani. Nilisema ni panya, nikaingia na rungu kumtafuta. Nilipofika pale pake nikahisi natazamwa, nikajikuta nasema shikamoo, mimi mwenye mvi, kwa mwanamke niliyemzidi umri.

Halafu akaja kibarua mgeni kutoka Nyakasimbi, Kemirembe, ambaye hakuwa amesimuliwa lolote. Akaketi pale. Baada ya kitambo akasogea kidogo. Akasogea tena, mpaka akambana Niyonsaba.

"Mbona unanisukuma, dada?"

"Nampisha mama."

"Mama yupi?"

Kemirembe akageuka kutazama upande wake. Aliondoka bila hata kanga yake.

Niyonsaba akaiokota ile kanga, akaikunja taratibu. "Hajaenda," akawaambia wenzake. "Mmeona wenyewe. Alizikwa na ugonjwa usio wake, ataondokaje? Na yale magunia yanangoja mwingine."

Kesho yake walikuja getini wamejitwika mafungu ya nyasi. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa, lakini kama unasoma ukiwa mbali, jua hivi: msiba ukiingia, nyasi hutandikwa, watu huketi juu yake, na jembe haliinuliwi mpaka mwenye msiba asimame aseme marehemu amekufaje na kwamba imetosha. Ndipo nyasi hufagiliwa.

"Mna ruhusa ya kuingiza majani humu?" nikawauliza, nimejitanua getini.

"Mjomba," akasema Niyonsaba, "unazuia msiba?"

Geti lilijifungua lenyewe. Haya, nilifungua mimi.

Wakatandika banda zima, wakaketi, nyungo ukutani. Wanaume wa mashine walichungulia, wakaziona nyasi, na mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Rweyemamu akaja mbio. Mlangoni mguu wake ukabaki hewani. Mama yake mwenyewe alikaliwa matanga juu ya nyasi kama zile. Mguu ukarudi nyuma.

"Huu msiba wa nani?"

"Wa Nyirabahire."

"Tulishamzika."

"Ulizika mgonjwa, bosi. Aliyeangukiwa na magunia bado yuko humu."

Rweyemamu akapunguza sauti. "Niyonsaba, wewe ni mtu wa kuja. Wakubwa wakiniuliza uraia wako, niwaambie nini?"

Humo ndani kila mwanamke alikuwa na baba au bibi wa kuulizwa hivyo. Nikaona vidole vya Niyonsaba vinashika nyasi.

"Waambie nilizaliwa Bugomora," akasema. "Halafu waambie mwenye msiba ni nani. Alifia nyumbani kwako. Sisi tunakungoja wewe useme."

Na ungo ukalia. Mikono yote ya wanawake ilikuwa mapajani, niliikagua. Chaa. Chaa. Rweyemamu aliusikia, maana macho yake yalikwenda pale pale penye nafasi tupu. Akavua viatu, akaingia.

"Ni magunia," akasema. Kwaya yote ilikuwa imemtoka kooni. "Hakuugua. Niliyaacha juu, yakamwangukia."

Sasa hapa ndipo mtakapokataa kuamini. Meneja alipiga magoti akalia mpaka nyasi zikaelea, na pale pembeni, kwa macho yangu haya, Nyirabahire akainuka na ungo wake, mweupe kama maua ya kahawa, akajikung'uta makapi, akanitazama mimi Athanasi katikati ya watu wote, akaniambia kwa sauti ya kupasua bati, "Mjomba, nifungulie ge—"

"Hukumwona," ananikatiza Niyonsaba, kisu kimesimama juu ya ndizi. "Tulimsikia tu. Na meneja hakulia. Alisema ni magunia, yakashushwa siku ile ile, tukafagia. Futa huko kote."