Rehema kampiga picha bibi yangu kichwa wazi

Rehema, kama unasoma hapa, usikanyage tena kwetu Ng'ambo.

Bibi yangu anaumwa, hainuki kitandani. Leo nimeenda jikoni kumkorogea uji, nikamwacha na huyu binti wa shangazi.

Narudi, nakuta kajilaza ubavuni kwa bibi, kabinua midomo, anapiga selfi.

Bibi kichwa wazi! Mtu ambaye hata muuza maziwa akibisha hodi, hatoki bila ushungi.

"Nani kamvua?"

"Ushungi ulikuwa unaharibu picha, dada."

Na keshaiposti!

Nikamwambia aifute. "Jamani, mbona watu wanaipenda?"

Kaifuta akilia. Analilia picha, si bibi.

Bibi akajivutia shuka usoni. Akaniuliza taratibu, "Wameniona wangapi?"

Nyie mlioipenda, njooni mumjibu.