Neno Lililonipokea Kindu

Wenzangu tuliokuwa watoto Kindu wakati wa Wabeleji, sina haja ya kuwaeleza njo ni nini. Wengi wenu mlianza kulisema kabla ya kuota meno. Mimi nilikutana nalo nikiwa na miaka saba, na kwa miezi kadhaa lilinitesa kama mtu mwenye kinyongo nami.

Mnaikumbuka Kindu ile. Filimbi ya reli ilituamsha kabla ya jogoo. Ukitoka nje ulikutana na moshi wa kuni, mawese yanayochemka, na samaki wakavu waliokuja na mitumbwi ya Lokandu. Jumamosi mama zetu walifagia viwanja mpaka udongo ukang'aa, maana mzungu wa usafi alikuwa anapita kukagua vyoo, na mwenye nyumba aliyekutwa na nyasi mlangoni alijuta. Jioni wasichana walipanga mistari miwili wakacheza nzango, makofi na miguu kwa pamoja, mpaka vumbi likawafika magotini. Nasema "walicheza" kwa sababu mwaka wa kwanza mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Watu wa pwani wana ndio yao. Sisi tuna njo, na tumeipa kazi nyingi kuliko wao. Ukimwonyesha mtu kitu, njo hii. Ukikubali alichosema, njo vile. Ukieleza sababu, njo mana. Ukimshika mwizi mkono, njo weye! Msiba ukiingia, watu wananyamaza kwanza, kisha mmoja anashusha pumzi: njo vile. Maneno ni yale yale, sauti ndiyo inayobadilika. Wajukuu wangu wanaliandika kwenye simu kwa herufi za kuazima kwa Kifaransa, na pembeni wanaweka uso wa manjano unaocheka, wakiogopa kwamba msomaji hatajua wanatania. Sisi hatukuhitaji uso wa manjano. Tulikuwa na nyuso zetu.

Mimi nimetoka upande wa Pangi, na lugha ya mama yangu ni Kirega. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba hakutaka kuniacha kwa ndugu zake wenye watoto wengi. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza njia ya reli, akanichukua. Tulipanda lori lililobeba mchele, tukakaa juu ya magunia. Njiani ikamjia hofu ambayo nadhani alikuwa ameificha tangu kijijini: mtoto huyu hajui hata neno moja la Kiswahili, na huko mjini atapotea.

Baba mwenyewe alikuwa na Kiswahili kidogo alichokipata kwa mwenye duka mmoja, mtu wa Kasongo, aliyesema kama watu wa pwani. Akachagua neno moja aliloliona la lazima kuliko yote, akanifundisha juu ya magunia yale.

"Njoo," alisema. Kisha kwa Kirega: "Ukisikia mtu mzima anasema hivyo, mwendee. Usikimbie, usijifiche. Sema."

"Njoo," nikasema.

Alifurahi sana. Alinikaririsha neno lile mpaka tukafika mtoni.

Huko Kindu baba alipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Zaina. Alikuwa Mwislamu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na riziki yake ilikuwa mikate ya mafuta aliyoikaanga alfajiri na kuiuza stesheni. Siku ya tatu baba aliondoka na kikundi chake kwenda kutengeneza reli upande wa Kibombo. Mimi nikabaki na Mama Zaina na neno langu moja.

Sasa fikirini. Kindu hatumwiti mtu kwa njoo, tunasema kuya. Mama Zaina alikuwa akipakua chakula na kunipigia kelele, "Weye mutoto, kuya kula!" nami nimekaa kimya, njaa inaniuma, nikidhani anagombana na paka. Lakini nikipita sokoni, mwuza samaki akinadi, "Samaki ya Lokandu njo hii!" mimi huyo, namwendea na kusimama mbele yake.

"Unataka nini, mutoto?"

Anaitwa jirani aje aone. Jirani anauliza, "Njo mutoto wa nani huyu?" nami namgeukia jirani. Wazee wawili wanazungumza kivulini, mmoja anasema "njo vile," natoka barabarani nawaendea. Wiki ya kwanza niliamini mji mzima unanitaka. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo tangu nizaliwe. Kisha nikaanza kuona kwamba kila ninayemwendea ananishangaa, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akinisubiri. Nilikuwa naondoka mbele yao kinyumenyume, nimeshika pindo la gauni.

Watoto waligundua haraka. Wakanipa jina hilo hilo, Njo. Walijificha nyuma ya ua wakaniita kwa jina langu halisi, "Wabiwa, njo!" nikakimbia, wakaangua kicheko, wengine wakaita kutoka upande wa pili. Nilikimbia kama mpira baina yao. Nilijua wananicheka, lakini baba alikuwa amesema usijifiche. Na yeye hakuwepo wa kumwuliza.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameniandikisha shule ya masista. Wasichana wakubwa wa shule ile walikuwa wakitarizi kitambaa cheupe cha altare, kazi ya miezi mingi. Asubuhi moja kitambaa kilikutwa na wino uliomwagika katikati, doa kubwa kama kiganja. Masere, ndivyo tulivyowaita masista, alituingiza sote darasani, akafunga mlango, akakiinua tukione. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Njo nani?"

Mimi nikasimama, nikatoka kwenye benchi, nikamwendea mpaka mbele.

Nilipigwa viboko vya mkononi, nikapigishwa magoti juu ya changarawe uwanjani mpaka saa sita. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikujua kosa langu. Nilikuwa nimeitwa, nikaja, kama nilivyoagizwa. Mchana nikarudishwa nyumbani na msichana mkubwa, ambaye alimwambia Mama Zaina kwamba nimefukuzwa hadi baba yangu atakapokuja kujieleza.

Mama Zaina alitazama magoti yangu. Akaniuliza maswali ambayo sikuyaelewa, akamwuliza yule msichana, na msichana akamweleza jinsi ilivyotokea. Nilimwona akiacha kukanda unga. Alinawa mikono, akavaa kanga yake ya Idi, akanishika mkono. Mwanamke yule hakuwahi kukanyaga misheni. Watu wake walikuwa wakisema anayeingia kule hutoka na msalaba shingoni. Tulikwenda kwenye jua kali la saa nane, naye akinung'unika njia nzima.

Yaliyosemwa nilikuja kuyaelewa baadaye, maana Mama Zaina aliyasimulia mpaka alipozeeka. Mimi niliachwa nikae kwenye ngazi ya veranda.

"Masere," alisema, "huyu mutoto hakuharibu kitu. Hajue Kiswahili. Anajua neno moja tu."

"Alikuja mbele mwenyewe," masere akajibu. "Hakuna aliyemlazimisha."

"Njo mana nimekuja kwako, nikueleze."

Mimi, niliposikia, nikainuka kwenye ngazi, nikaja nikasimama ubavuni mwa Mama Zaina.

Mama Zaina akasema, "Unaona?"

Masere alinitazama sana. Akageuka, akaangalia mtoni ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya, akasema polepole kama anayejaribu maji kwa kidole: "Njo… njo mvua ile."

Nikamwacha Mama Zaina, nikamwendea yeye.

Mama Zaina alisema uso wa masere ulikuwa mwekundu kama embe. Aliingia ndani, akarudi na kipande cha sukari, akakiweka kwenye kiganja kile kile alichokipiga. Kesho yake nilirudi darasani. Lakini hakuwaambia wenzangu kitu, na aliyemwaga wino hakujulikana, kwa hiyo kwa wasichana wengi mkosaji nilibaki mimi. Benchi langu lilikuwa na nafasi ya watu watatu, nami nililikalia peke yangu.

Jioni ile ile Mama Zaina alinikalisha jikoni, akachukua mwiko. Akagonga sufuria: "Njo sufuria." Nikainuka. Akanisukuma bega nikae. Akaelekeza mwiko motoni: "Njo moto." Nikainuka, akanikalisha. Akajigonga kifua: "Njo miye, Zaina." Tulifanya vile mpaka ugali ukaungua. Kisha akaweka sahani, akarudi nyuma hatua kumi, akanyoosha mikono yote miwili. "Kuya," alisema. Nikamtazama. "Kuya, mutoto yangu." Nikaenda, na siku ile nilikula chakula kikiwa moto.

Nikajifunza. Nilijifunza vizuri kupita kiasi. Niliapa moyoni kwamba neno lile halitaniinua tena, yeyote atakayelisema. Watoto wakiita nyuma ya ua, "Wabiwa, njo!" sikugeuza hata shingo. Wakachoka. Nikawa napita katikati yao kama sisikii, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijiona mtu mwenye akili.

Baba alikuwa hajarudi. Asubuhi moja tulikuwa stesheni, Mama Zaina mbele akiuza, mimi nyuma na sinia ya mikate kichwani. Gari la wafanyakazi lilikuwa limekuja kuchukua vyuma, mabehewa ya wazi yamejaa wanaume. Mashini ilikuwa inatoa mvuke kwa mlio mkubwa, wapagazi wanapiga kelele. Nilikuwa nimeligeuzia gari mgongo. Katikati ya kelele zile nikasikia:

"Njoo! Wabiwa, njoo!"

Nikakaza shingo. Ikaja tena, mara mbili, mara tatu. Nikasema moyoni, mtaita mpaka mkauke. Sikuitambua sauti, mvuke ulikuwa umeimeza, neno tu ndilo lililonifikia. Angeniita kwa Kirega, sinia ingeanguka pale pale. Lakini alinipigia neno alilonifundisha mwenyewe juu ya magunia.

Nilipogeuka, gari lilikuwa limeanza kuondoka. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama juu ya vyuma, mkono juu, kofia ya baba kichwani. Baadaye nilielezwa kwamba msimamizi alikuwa amewakataza kushuka. Nilitupa sinia, nikakimbia mpaka mwisho wa jukwaa, nikamwita baba kwa Kirega, "Tata! Tata!" nikaendelea kuita wakati gari limeshapotea kwenye kona. Mama Zaina alinikuta pale. Hakusema lolote kuhusu mikate.

Baba sikumwona tena. Mvua zilipoanza alikuja mtu wa kikundi chake, Mrega kama sisi, akakaa uwanjani kwa Mama Zaina na kofia mkononi. Baba alikuwa ameshikwa na homa huko njiani. Alilala siku tatu, ya nne hakuamka. Wamemzika karibu na Kibombo. Majirani walikuwa wamekusanyika, mmoja akashusha pumzi, "Njo vile," wengine wakaitikia. Na mimi nilielewa. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba Kiswahili kimeniingia, kwa sababu nilielewa kila kitu.

Yule mtu alipotaka kuondoka alinigeukia, akaniambia kwa Kirega kwamba ile siku ya stesheni baba alicheka mpaka Kibombo. Aliwaambia wenzake: mumemwona binti yangu? Amekuwa mtu wa mjini, hageuki ovyo akiitwa na wanaume garini.

Nimelala na maneno hayo maisha yangu yote. Kuna miaka niliamini kwamba baba alifurahi kweli. Kuna miaka niliona kwamba alisema vile ili wenzake wasimwone akilia. Sijapata wa kumwuliza.

Mama Zaina alinilea. Hakuwahi kunipeleka msikitini wala kunizuia misheni, alinizuia uvivu tu. Nimeolewa Kindu, nimezaa Kindu, na leo hakuna mtu mtaa wetu wote wa Kasuku anayesema njo kwa mikogo kama mimi. Kirega kimenitoka. Nikiota, baba anasema nami kwa Kiswahili, na hata ndotoni najua kwamba hicho si chake.

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliletewa mtoto wake kutoka Kinshasa, binti wa miaka sita. Jina lake Plamedi, msiniulize maana yake. Ana Lingala na Kifaransa tu. Siku tatu za kwanza alikaa uwanjani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama pikipiki zikipita. Vijana wa nyumba wanatoka na kuingia, macho kwenye simu, wanamwambia "bonjour," hao wanaenda. Hakuna anayemcheka. Wanasema siku hizi si vizuri kucheka mtoto wa watu, na labda ni kweli.

Zamani mtaa mzima ungekuwa umeshamcheka siku ya kwanza. Siku ya pili wangekuwa wamempa jina baya. Ya tatu kuna mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza angekuwa ameacha unga wake, akamshika mkono. Basi mimi nilikokota kiti changu nikakiweka karibu na ndoo ile, nikakaa. Kiswahili changu hakimfai, na Kifaransa chake sikijui. Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka, bibi na kitukuu, na hakuna aliyetoka ndani kuuliza tunafanya nini pale.